Kutoa hela ugenini: mwongozo kwa msafiri wa Tanga

Basi la Mombasa likitoka Tanga asubuhi, haichukui muda kufika Horohoro, na ng'ambo ya pili, Lunga Lunga, shilingi iliyo mfukoni mwako haiwi tena hela ya kununulia. Inakuwa bidhaa ya kuuza. Huenda ni ukaribu huu unaowafanya watu wengi wa Tanga wabebe kadi ya benki kwenda Kenya kama wanavyoibeba kwenda Ngamiani, bila kuuliza lolote, kisha mashine ya Ukunda inawagomea Jumamosi jioni wakati benki imeshafungwa. Kazi kubwa ya kupata hela ugenini hufanyika Tanga, kwenye dawati la benki yako, siku kadhaa kabla ya safari. Hilo ni kweli kwa anayevuka kwenda kumwona shangazi Vanga, na ni kweli zaidi kwa anayekwenda Umra, kufunga mzigo Dubai au kumpeleka mgonjwa India.

Dawati la benki kwanza

Anza kwa kuitazama kadi yenyewe. Kama ina alama ya Umoja Switch peke yake, hiyo ni kadi ya ndani ya nchi na haitasoma nje. Inayosoma nje ina alama ya Visa, Mastercard au UnionPay, na utaifananisha na alama zilizobandikwa kwenye mashine ya huko. Tazama pia mwezi wa kwisha. Kadi hufa siku ya mwisho ya mwezi ulioandikwa, na kadi iliyokufa ikiingizwa kwenye mashine ya kigeni inaweza kubaki humo humo. Ikiwa imebakiza miezi miwili na safari ni ndefu, omba mpya sasa.

Tawini, usiridhike na jibu la "inafanya kazi popote". Uliza kama kadi yako imefunguliwa kwa matumizi ya nje, kwa sababu baadhi ya benki huifunga mpaka mteja aombe au aiwashe mwenyewe kwenye programu ya simu. Uliza kikomo cha kutoa kwa siku, na kikomo cha kulipia dukani, maana mara nyingi ni viwili tofauti. Uliza makato kwa kila kutoa hela nje, asilimia inayoongezwa kwenye ubadilishaji, na kama kuangalia salio au kukataliwa na mashine nako kunakatwa. Waambie unakwenda nchi gani na tarehe zipi. Jambo la mwisho, chukua namba ya huduma kwa wateja inayoanza na +255. Namba za bure za 0800 kwa kawaida hazipigiki kutoka nje, na ndizo hasa zinazoandikwa nyuma ya kadi nyingi. Iandike kwenye karatasi, kwa sababu simu nayo huibiwa.

Kisha ijaribu namba ya siri kwenye mashine ya benki nyingine hapa hapa mjini. Wapo wanaotumia simu mwaka mzima bila kugusa kadi, na namba wameshaisahau.

Laini yako ya Tanzania iwekee romingi kabla ya kuvuka. Ukilipia kitu mtandaoni, au ukitaka kubadilisha kikomo kwenye programu ya benki, utatumiwa namba ya uthibitisho kwa meseji. Bila laini hiyo kuwa hewani, hela ni yako lakini huifikii. Huna haja ya kununua kifurushi kikubwa. Laini iweze tu kupokea meseji.

Beba kadi mbili, za benki tofauti ikiwezekana, na zikae sehemu tofauti: moja kwenye pochi, nyingine ndani ya begi. Kadi pepe zinazotengenezwa kwenye huduma za hela za simu ni nzuri kwa kulipia hoteli au tiketi mtandaoni, lakini haina kipande cha kuingiza kwenye mashine, kwa hiyo usiihesabu kama kadi ya pili.

Juu ya hayo, weka akiba ya dola taslimu. Noti ziwe safi, zisizochanika, zisizoandikwa kalamu wala kugongwa mhuri, na ziwe za matoleo mapya. Maduka mengi ya fedha Afrika Mashariki hukataa za zamani au huzinunua kwa bei ya chini. Za 100 na 50 hupata bei nzuri kuliko za 20, 10 na 5. Benki inaweza kukutaka pasipoti na tiketi ili ikuuzie dola, na tawi linaweza lisiwe nazo siku hiyo, kwa hiyo usisubiri asubuhi ya safari. Ukibeba zaidi ya dola 10,000 au thamani yake kwa fedha nyingine, sheria inakutaka utoe tamko forodhani. Kubeba si kosa. Kosa ni kunyamaza.

Horohoro: badilisha kidogo, soma ubao vizuri

Pale mpakani utazungukwa na wabadilisha fedha wa mkononi kabla hujashuka vizuri kwenye basi. Wengine ni watu wa haki, lakini mchezo unajulikana: kikokotoo kinachosoma hesabu yake chenyewe, noti zilizokunjwa katikati zikahesabiwa mara mbili, au mwenzake anayekuharakisha kwamba basi linaondoka. Tafuta benki au duka lenye leseni, hata kama bei yake imezidi kidogo. Noti zako usizitoe mkononi kabla hujahesabu zake, na ukimrudishia akahesabu tena, nawe hesabu upya.

Ubao wa bei huwachanganya wengi. "Kununua" na "kuuza" ni maneno ya mwenye duka, si yako. Tuseme ubao wa upande wa Tanzania unasema shilingi ya Kenya: kununua 19.00, kuuza 20.50. Wewe unayetaka hela ya Kenya unauziwa kwa 20.50, hivyo KSh 10,000 zitakugharimu TSh 205,000. Ukizirudisha jioni bila kuzigusa, duka litazinunua kwa 19.00 na utapewa TSh 190,000. TSh 15,000 zimekwenda bila kununua hata andazi, na hapo hakuna aliyekutoza "kamisheni". Ndiyo maana tangazo la "hakuna kamisheni" halina maana yoyote peke yake; faida imo ndani ya pengo la bei hizo mbili.

Upande wa Kenya ubao unaweza kugeuzwa: shilingi moja ya Tanzania kwa shilingi za Kenya, kama 0.048. Jicho likiona 0.047 na 0.048 linadhani ni kitu kimoja. Fanya hesabu: KSh 10,000 kwa 0.048 ni kama TSh 208,300, kwa 0.047 ni kama TSh 212,800. Tarakimu hiyo moja ya mwisho ni zaidi ya TSh 4,000. Na kwa kuwa pande zote husema "shilingi" tu, kila bei inayotajwa uliza ni ya wapi.

Angalia pia noti zenyewe. Kenya ilitoa noti mpya mwaka 2019, na noti ya zamani ya 1,000 ikakoma kuwa fedha halali tangu 1 Oktoba 2019. Noti mpya zote zina picha ya jengo la mikutano la KICC la Nairobi. Ukipewa ya 1,000 yenye picha kubwa ya kichwa cha Jomo Kenyatta, rudisha hapo hapo. Usije ukashtukia sanamu ndogo iliyo mbele ya jengo kwenye noti mpya; hiyo ni sehemu ya picha ya KICC.

Kiasi cha kubadilisha pale kiwe cha siku moja: nauli mpaka Likoni, chakula, laini ya simu na cha dharura. Kivuko cha Likoni kwa mtembea kwa miguu ni bure. Kilichobaki kitoe mjini kwa mashine.

Kwa Kenya kuna njia nyingine ambayo mara nyingi inafaa kuliko mashine. M-Pesa ya Vodacom Tanzania inatuma kwenda M-Pesa ya Safaricom. Ukiwa na ndugu Mombasa unayemwamini, au ukisajili laini ya Safaricom kwa pasipoti yako, unaweza kujitumia na kutoa kwa wakala. Kabla ya kubonyeza kuthibitisha, soma kiasi kitakachopokelewa kwa shilingi za Kenya, gawanya kilichokatwa kwako kwa kiasi hicho, kisha linganisha na bei ya duka. Mombasa dukani wengi hulipana kwa simu, hivyo laini hiyo itakusaidia hata bila kugusa noti.

Mbele ya mashine

Chagua mashine iliyo ndani au ukutani mwa benki, mchana, siku ya kazi. Sababu si wezi tu. Kadi ikimezwa saa nne asubuhi, unaingia ndani na pasipoti yako unazungumza na mtu. Ikimezwa kwenye mashine ya kituo cha mafuta Jumamosi usiku, unasubiri Jumatatu, na benki nyingi huziharibu kadi za benki nyingine zilizomezwa. Uliza sikukuu za huko pia: Saudi Arabia mapumziko ya wiki ni Ijumaa na Jumamosi, na Falme za Kiarabu tangu Januari 2022 ni Jumamosi na Jumapili, Ijumaa ikiwa nusu siku serikalini.

Kabla ya kuingiza kadi, shika mdomo wa kadi uutikise. Kifaa cha wizi hubandikwa juu, na mara nyingi hulegea au rangi yake haifanani na mwili wa mashine. Kamera yao huelekea vitufe, kwa hiyo funika kwa kiganja unapoandika namba ya siri, hata kama hakuna mtu nyuma yako. Ukipata mashine ambayo kadi haimezwi bali unaichomeka na kuichomoa, ipendelee.

Ukishaweka namba ya siri, mashine inaweza kuuliza aina ya akaunti: "savings", "current" au "cheque", na "credit". Mwenye akaunti ya akiba aanze na "savings". Ikikataa, ajaribu "current". Watu wengi hukataliwa hapa tu wakadhani kadi imefungwa. Kama mashine inadai namba ya siri ya tarakimu sita, kama nyingi za China, andika nne zako na ubonyeze kitufe cha kijani.

Kisha inakuja skrini ghali kuliko zote. Mashine inakuonyesha kiasi kwa shilingi za Tanzania, au kwa dola, na kukuuliza kama unakubali bei hiyo. Inaonekana kama ukarimu: unajua kabisa utakatwa kiasi gani. Ukweli ni kwamba mwenye mashine ndiye anayebadilisha fedha hapo, kwa bei aliyojipangia. Mfano: unatoa KSh 20,000. Kwa bei ya 20, akaunti yako ingekatwa TSh 400,000. Skrini inakupa 21.2, yaani TSh 424,000. Kataa. Maneno yatakuwa kama "decline conversion", "continue without conversion" au chaguo la kukatwa kwa fedha ya nchi hiyo. Ukikataa ubadilishaji, muamala hausitishwi. Hela zinatoka kama kawaida na ubadilishaji unafanywa na Visa au Mastercard pamoja na benki yako. Skrini nyingine zimetengenezwa kwa hila, kitufe cha kukubali kikiwa kikubwa na cha kukataa kikiwa kidogo pembeni, kwa hiyo soma polepole. Kama huoni namna ya kukataa, bonyeza kitufe chekundu uende mashine ya benki nyingine. Hali ni hiyo hiyo hotelini na dukani: muuzaji akikuuliza "shilingi zenu au hela za hapa?", jibu ni za hapo.

Hela zikitoka, zichukue mara moja. Mashine huzirudisha ndani baada ya sekunde chache. Nyingine hutoa kadi kwanza, nyingine hela kwanza. Aliyezoea mpangilio wa nyumbani ndiye anayeondoka na noti na kuiacha kadi ikining'inia.

Makato: chache na kubwa

Kila unapotoa kuna makato ya aina tatu: ya benki yako, ya mwenye mashine, na asilimia ndani ya ubadilishaji. Mawili ya kwanza kwa kawaida huhesabiwa kwa kila kutoa, na hapo ndipo pesa inapovuja. Tuchukue namba za mfano: benki yako inakata TSh 10,000, mashine KSh 250, ambazo kwa bei ya 20 ni TSh 5,000. Unahitaji KSh 60,000. Ukitoa 10,000 mara sita, umelipa TSh 90,000. Ukitoa 30,000 mara mbili, umelipa TSh 30,000. Tofauti ni TSh 60,000, na hiyo ni nauli.

Lakini usitoe zote kwa mara moja ukazunguka nazo sokoni. Toa nyingi, kisha gawanya: za matumizi ya siku mfukoni, nyingine kwenye sefu ya hoteli au mkoba wa ndani ya nguo.

Mwenye akaunti ya dola yenye kadi yake anafaidika hasa Dubai na Saudi Arabia. Dirhamu imefungwa kwenye dola kwa 3.6725 na riyali kwa 3.75, kwa hiyo unakwepa pengo la shilingi kwenda dola siku ile unapotoa.

Mashine ikigoma

Usirudie rudie. Majaribio matatu ya namba ya siri isiyo sahihi hufunga kadi, na majaribio mengi mfululizo huifanya benki idhani kadi imeibiwa. Soma ujumbe kwanza.

Ikisema salio halitoshi na wewe unajua lipo, punguza kiasi: makato nayo yanahitaji nafasi, na hoteli inaweza kuwa imezuia sehemu ya salio kama dhamana. Ikisema umezidi kikomo, kumbuka kuna vikomo viwili, cha benki yako kwa siku na cha mashine kwa mara moja. Cha mashine unakivuka kwa kutoa tena. Cha benki husubiri siku mpya, na kwa benki inayohesabu siku kwa tarehe, siku hiyo huanza saa sita usiku ya Tanzania. Nairobi ni saa hiyo hiyo, lakini India ni saa nane na nusu usiku, na Guangzhou ni saa kumi na moja alfajiri. Ikisema muamala umekataliwa na benki iliyotoa kadi, mashine za mji mzima hazitakusaidia; piga ile namba ya +255. Ikisema kadi haikubaliki, tafuta mashine yenye alama inayofanana na kadi yako.

Kinachowatia watu kiwewe ni akaunti kukatwa na hela zisitoke. Baki pale dakika moja mpaka skrini irudi mwanzo. Chukua risiti hata kama ni ya kushindwa. Bila risiti, piga picha ya mashine, jina la benki, namba yake na saa. Mara nyingi hela hurudi zenyewe. Zisiporudi, lalamika kwa benki yako ya Tanzania, si kwa benki yenye mashine. Benki iliyotoa kadi ndiyo yenye njia ya kudai kupitia Visa au Mastercard, na madai hayo yana muda wa mwisho. Yaandike kwa barua pepe siku hiyo hiyo, na ujiandae kusubiri hata wiki kadhaa.

Kadi ikimezwa au kuibiwa, ifunge kwa programu ya simu kwanza kisha upige simu. Kama hata ya pili imekwenda, ndugu anaweza kukutumia kwa Western Union au MoneyGram. Utahitaji pasipoti na namba ya muamala, na jina alilojaza lifanane herufi kwa herufi na la pasipoti. "Mwanaidi" na "Mwana Idi" ni watu wawili mbele ya keshia.

Mbali zaidi ya Mombasa

Shilingi ya Tanzania usiitegemee Dubai, Makka, India wala China. Nenda na dola na kadi. India, noti za kigeni zikizidi dola 5,000 taslimu zinatolewa tamko forodhani, na familia zinazopeleka wagonjwa huvuka kiasi hicho kwa urahisi. Ni heri amana ya hospitali itumwe kutoka benki Tanzania moja kwa moja kwenye akaunti ya hospitali, nanyi mbebe za chakula na malazi. Mashine nyingi za huko hukomea rupia 10,000 kwa mara moja. Noti za zamani za 500 na 1,000 zilifutwa Novemba 2016, kwa hiyo ukiwa na akiba ya safari ya zamani, iache nyumbani. China, dukani wengi hulipwa kwa Alipay na WeChat. Unganisha kadi yako humo ukiwa bado Tanga, laini ikiwa hewani. Kwa kadi ya kigeni, malipo yasiyozidi yuani 200 hayana ada, yanayozidi hapo hukatwa asilimia 3. Kwa noti, jaribu mashine za Bank of China au ICBC.

Siku ya kurudi

Sarafu hazibadilishwi, zimalize kwa chai na nauli. Noti za Kenya zibadilishe Mombasa au Horohoro kabla ya kuingia ndani, maana bei ya Tanga mjini huenda isikupendeze. Risiti zihifadhi mpaka taarifa ya akaunti ionyeshe kila muamala umekamilika, kwa sababu kiasi cha mwisho huweza kuingia siku chache baadaye na kutofautiana kidogo na kile cha kwanza. Kisha ingia kwenye programu ya benki uzime matumizi ya nje.